William Farrer, Mtu wa Noti ya Dola Mbili

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula, ndugu mmoja niliyesoma naye Kidato cha Pili aliniuliza mbele ya meza nzima serikali inanilipa mshahara kwa kazi gani hasa. Nilimjibu kwamba kazi yangu ni kupima mbegu. Watafiti wakileta aina mpya ya mmea, sisi huiangalia kama kweli inahimili magonjwa kama wanavyodai, na kama mazao yake yanafaa kwa sufuria na kwa kinu, kabla haijaruhusiwa kumfikia mkulima. Meza ilicheka. Mwingine akadakia kwamba kumbe baada ya miaka yote ile ya Chuo Kikuu bado nahesabu madoa ya majani, kama tulivyokuwa tukifanya katika shamba la shule kule nyuma ya mabweni. Sikukasirika, maana ni kweli nahesabu madoa ya majani. Lakini Mhariri wetu, aliyekuwa ameketi karibu, alinishika mkono wakati wa kuagana akanitaka niandike kidogo juu ya kazi hiyo katika jarida hili.

Nimefikiri sana, nikaona habari zangu mwenyewe hazitajaza hata nusu ukurasa. Ni afadhali nieleze maisha ya mtu aliyeifanya kazi hii kabla haijawa na ofisi wala jina. Wale waliofundishwa Biolojia pamoja nami miaka ya 90 wamekwisha kumwona, ingawa pengine wamesahau. Watakumbuka kwamba marehemu mwalimu wetu, aliyewahi kusoma Australia, alikuwa na noti ya kijani ya nchi ile aliyoihifadhi ndani ya daftari lake. Siku ya somo la urithi wa sifa aliipitisha noti hiyo darasani, dawati kwa dawati, akatuuliza mwenye ndevu aliyechorwa pale karibu na masuke ya ngano ni nani. Tulimtaja mfalme, tukamtaja gavana, na wa nyuma kabisa akamtaja nabii. Mwalimu alitikisa kichwa, akaandika ubaoni: William Farrer.

Farrer alizaliwa tarehe 3 Aprili 1845 karibu na mji wa Kendal, katika jimbo la Westmorland kaskazini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima aliyepanga shamba la mtu mwingine. Kijana alikuwa na akili ya hesabu, na akili hiyo ilimpatia nafasi ya kusomeshwa katika shule ya Christ's Hospital, London, ambayo wanafunzi wake walivaa, na mpaka leo huvaa, majoho marefu ya buluu na soksi za njano. (Walionung'unikia sare yetu ya kaki na wamshukuru Mungu.) Kutoka hapo alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, chuo cha Pembroke, akapata shahada mwaka 1868. Alikusudia kuwa daktari, na alikwisha kuanza masomo ya udaktari alipogundulika kuwa na kifua kikuu.

Siku hizo kifua kikuu hakikuwa na dawa. Waliojiweza walishauriwa kuhama kutoka katika ukungu na baridi ya Uingereza na kutafuta nchi kavu yenye jua. Farrer alipanda meli, akafika Australia mwaka 1870, akiwa na miaka 25, hana udaktari wala afya.

Alipata kazi ya kufundisha watoto wa familia ya Campbell katika shamba kubwa la kondoo lililoitwa Duntroon, mahali ambapo sasa ni ndani ya Canberra, mji mkuu wa nchi ile. Hapo akaingiwa na hamu ya kumiliki kondoo wake mwenyewe. Mwaka 1873 alitoa kijitabu juu ya majani ya malisho na ufugaji wa kondoo, kijitabu cha mtu ambaye hakuwa na kondoo hata mmoja lakini alikwisha kulifikiria jambo mpaka mwisho wake. Fedha aliyokuwa akiitegemea kwa mradi huo ilipotea katika hisa za migodi. Hivyo mwaka 1875 alifuzu upimaji wa ardhi, na kwa miaka kumi na moja akawa mtumishi wa Idara ya Ardhi ya New South Wales, akisafiri na minyororo yake ya kupimia kutoka wilaya hadi wilaya.

Kwa maoni yangu miaka hii kumi na moja ndiyo iliyomfanya. Mpima ardhi hulala nyumbani kwa wakulima, hula chakula chao, na jioni husikia malalamiko yao. Farrer alikuta wakulima wadogo waliohamia bara wamepanda ngano zilizozoea hali ya ubaridi, ambazo huchelewa kukomaa. Ngano hizo zilikuwa zingali mbichi wakati joto la Australia lilipofika, na pamoja na joto ilifika kutu.

Hapa naomba ndugu wasomaji mnivumilie, maana bila kuielewa kutu huwezi kumwelewa mtu huyu. Kutu ya ngano si mdudu, wala si upungufu wa mvua. Ni aina ya kuvu ambayo husafiri kwa upepo ikiwa vumbi jembamba. Vumbi hilo likitua juu ya bua au jani, likapata umande, huota na kujipenyeza ndani, na kuanza kunyonya chakula ambacho kingekwenda kwenye punje. Baada ya wiki moja au mbili kuvu hupasua ngozi ya mmea na kumwaga vumbi jipya la rangi ya matofali, maelfu kwa maelfu, nalo huchukuliwa na upepo hadi shamba la jirani. Mtu akipita katika shamba la namna hiyo suruali yake hutoka nyekundu. Siku ya kuvuna masuke yako wima kama kawaida, ila ndani yake punje zimesinyaa, na unapopepeta nusu yake hupeperuka pamoja na makapi. Kwa mkulima mwenye deni la shamba na deni la duka, huo ndio ulikuwa mwisho wa mambo.

Watu wengi waliamini kwamba kutu husababishwa na hali ya hewa au udongo, kwa hiyo hakuna la kufanya ila kuomba msimu mwema. Farrer hakukubali. Aliona kwamba katika shamba lile lile, chini ya mvua ile ile, mmea mmoja huliwa na kutu na wa pili hupona. Alifikiri kwamba kama tofauti hiyo imo ndani ya mmea wenyewe, basi huenda mzazi akamrithisha mtoto. Mwaka 1882 aliandika mawazo yake gazetini, akajibiwa kwa kejeli. Nadhani kejeli ile ilimsaidia, kwa sababu tangu hapo hakuachana tena na jambo hilo.

Mwaka huo huo wa 1882 alioa. Mkewe, Nina, alikuwa binti wa Leopold Fane de Salis, mwenye shamba kubwa la Cuppacumbalong na mjumbe wa bunge la koloni. Mwaka 1886 Farrer aliacha kazi ya serikali, wakahamia kwenye kipande chao cha ardhi kando ya mto Murrumbidgee, akakiita Lambrigg kwa jina la mahali huko kwao Westmorland. Kwanza alitaka kupanda mizabibu, lakini ardhi haikufaa. Basi akapanda ngano, si kwa kuuza, bali kwa kuzitazama.

Tangu 1886 hadi 1898, miaka kumi na miwili, alifanya kazi hiyo kwa gharama yake bila mshahara wa mtu yeyote. Aliwaandikia watu wa Marekani, Ufaransa, India na Kanada, akawaomba mbegu kidogo kidogo, naye akawapelekea zake. Alipanda kila aina katika mstari wake, akaandika tarehe ya kuota, ya kuchanua na ya kukomaa, urefu wa bua, na kiasi cha kutu. Mwanzoni alichagua tu mimea bora iliyojitokeza yenyewe. Mwaka 1889, mwaka ambao kutu ilifanya maangamizi makubwa katika makoloni ya Australia, alianza kuzalisha ngano chotara kwa mkono wake.

Ua la ngano ni dogo sana, tena hujichavusha lenyewe likiwa bado limefumba. Anayetaka kuoanisha ngano mbili sharti alifumbue ua kabla ya wakati wake, aondoe vijiti vitatu vya kiume bila kuvipasua, kisha alete chavua kutoka kwa baba aliyemchagua na kuigusisha mahali pake. Ukipasua kijiti kimoja kazi yote imeharibika, na hutajua hivyo mpaka mwaka unaofuata. Husimuliwa kwamba chombo alichokitumia kwa shughuli hii kilikuwa pini ya nywele ya mkewe. Mimi nimeifanya kazi hii nikiwa mwanafunzi Morogoro, kwa koleo dogo la chuma na miwani ya kukuza, na kati ya maua 40 niliyoyahangaikia asubuhi moja nilipata punje tatu. Farrer alifanya mamia ya ndoa za namna hiyo kwa miaka mingi.

Hesabu zake zilimwongoza mahali ambapo hakukuwa na ramani. Mendel alikwisha kuchapisha mwaka 1866 kanuni za urithi alizozigundua kwa njegere, lakini dunia ilikuwa imeyasahau maandishi yake, na hayakufufuliwa hadi 1900. Farrer hakuyajua. Hata hivyo aliona kwa macho yake kwamba kizazi cha kwanza cha chotara hufanana chote, na kizazi cha pili hutawanyika kila namna, na kwamba hapo ndipo pa kuchagulia. Mwaka 1905 Rowland Biffen wa Cambridge, chuo kile kile alichosoma Farrer, alionyesha kwamba ukinzani dhidi ya kutu ya manjano hurithiwa kwa kanuni za Mendel. Yaani lile wazo lililochekwa gazetini likawa sayansi.

Mpaka hapa nimesema juu ya ugonjwa tu. Nusu ya pili ya kazi yake haikusifiwa sana, nami ndiyo ninayoipenda zaidi.

Farrer alishikilia kwamba ngano haijawa nzuri kwa sababu tu imepona kutu. Ngano ni mkate. Ngano za Australia za siku hizo zilikuwa laini na nyeupe, wenye vinu walizipenda kwa sababu zilisagika kwa urahisi na unga wake ulipendeza macho, lakini unga huo ulikuwa dhaifu. Unga wenye nguvu hunywa maji mengi, kinyunga chake huvutika bila kukatika, na mkate wake huumuka ukasimama. Ngano ya Kanada iitwayo Fife ilikuwa na sifa hiyo, lakini ilichelewa mno kukomaa. Ngano za India zilikomaa mapema, kabla joto na kutu hazijafika, lakini hazikuzaa sana. Purple Straw, ngano iliyopendwa na wakulima wa pale, ilizaa vizuri, ila nguvu yake ilikuwa haba. Farrer alitaka kuzikutanisha zote tatu ndani ya punje moja.

Tatizo likawa hili. Chotara mpya huanza na mmea mmoja, wenye punje za kujaza kiganja. Ukisubiri mpaka uwe na magunia ya kutosha kupeleka kwenye kinu, umepoteza miaka mitano kulea kitu ambacho pengine hakifai hata kwa maandazi. Aliyemtoa hapo alikuwa Frederick Guthrie, mkemia wa Idara ya Kilimo ya New South Wales tangu 1892. Guthrie alitengeneza kinu kidogo mno, kinu cha maabara, kilichoweza kusaga sampuli ndogo ya ngano na kutoa unga na pumba kama kinavyofanya kinu kikubwa cha mjini. Akapima maji yanayonywewa na unga, akaosha kinyunga na kupima gluteni iliyobaki, akaoka vimikate. Farrer alituma bahasha za punje kutoka Lambrigg, Guthrie akarudisha majibu, na ile iliyoshindwa ikatupwa hata kama ilikuwa na bua safi lisilo na doa. Sijui mahali pengine kabla ya hapo ambapo mzalishaji wa mbegu na mkemia wa unga walifungwa nira moja namna hii.

Niruhusuni nieleze kwa nini jambo hili linanigusa. Nilipokuwa kijana kazini nilitumwa katika wilaya moja ya Pwani kusimamia majaribio ya mihogo. Batobato na michirizi ya kahawia zilikuwa zimemaliza mihogo ya kule. Watu waling'oa mizizi wakakuta imeoza ndani kama mti uliolowekwa. Katika majaribio yetu kulikuwa na aina moja iliyosimama kijani kibichi katikati ya wagonjwa, na mizizi yake ilikuwa mizito. Nilijaza fomu. Safu ya ugonjwa ilikuwa safi, safu ya mavuno ilikuwa safi, na safu ya mapishi na ladha niliiacha wazi kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha na gari lilikuwa linaningoja. Nikatia sahihi. Miti ya kupandia ikagawiwa.

Mwaka uliofuata nilirudi. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ametupa eneo la majaribio katika shamba lake bila kutaka malipo, alinikaribisha chakula, akaweka mbele yangu muhogo uliochemka tangu asubuhi. Ulikuwa mgumu katikati na umejaa nyuzi. Akanieleza kwa upole kwamba unga wake nao hauvutiki, ugali wake hukatikakatika, watoto hawautaki, na yule mnunuzi wa makopa amekataa kuuchukua. Aling'oa mihogo yake ya zamani, migonjwa lakini yenye kulika, ili aipande ile niliyoitilia sahihi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama sisi wa serikali huwa tunapika kabla ya kugawa. Siku ile nilikumbuka noti ya kijani kwa mara ya kwanza tangu niondoke shuleni, na nilipofika mjini nikatafuta habari za Farrer kwa bidii.

Tumrudie. Mwaka 1898 serikali ya New South Wales ilimwajiri kuwa mtaalamu wa majaribio ya ngano kwa mshahara wa pauni 350 kwa mwaka. Alikuwa na miaka 53. Sasa aliweza kujaribu mbegu zake katika mashamba ya serikali yaliyo katika udongo na mvua mbalimbali, jambo ambalo kila mpimaji anajua umuhimu wake, kwani mmea unaong'ara katika bustani ya mwenyewe huweza kuaibika maili mia tatu kutoka hapo.

Zikatoka ngano moja baada ya nyingine. Bobs na Comeback zilikuwa na unga ambao wenye vinu waliokuwa wakimnung'unikia walilazimika kuusifu. Florence na Genoa zilistahimili fugwe lile linalonuka, ugonjwa unaogeuza punje kuwa kifuko cha unga mweusi wenye harufu ya samaki aliyeoza. Lakini iliyoshinda zote ilikuwa Federation, iliyopewa jina hilo kwa ajili ya muungano wa makoloni ya Australia wa mwaka 1901. Mama yake na baba yake walikuwa Purple Straw na Yandilla, na Yandilla ilikuwa chotara wa Fife na ngano ya India iitwayo Etawah. Kwa hiyo zile damu tatu alizokuwa akizitafuta zilikutana humo.

Wakulima walipoiona Federation kwa mara ya kwanza hawakuipenda. Walizoea shamba refu la rangi ya dhahabu, na hii ilikuwa fupi, masuke yake ya kahawia, imefifia kana kwamba imekwisha kuharibika. Lakini bua lake lilikuwa gumu na halikulala upepo ulipovuma, na ufupi wake ulifaa sana kwa mashine za kule zilizokuwa zikichana masuke na kuacha mabua shambani. Ilikomaa mapema na kustahimili ukame, nayo ilifika wakati ambapo Australia ilikuwa katika ukame mkali, uliofikia kilele mwaka 1902. Kidogo kidogo jirani alimwona jirani akijaza magunia. Kufikia miaka ya 1910 Federation ilikuwa ngano iliyolimwa zaidi ya zote Australia, ikabaki hivyo mpaka miaka ya 1920, na ikavuka bahari hadi magharibi ya Marekani.

Sasa niseme ukweli ambao wanaomsifu huupitia haraka. Federation haikuwa na ukinzani wa kweli dhidi ya kutu. Iliikwepa kwa kukomaa mapema, na msimu wa mvua za mwisho ulipokuja ikaliwa kama nyingine. Wala unga wake haukufikia ule wa Bobs au Comeback. Mtu aliyeanza safari kwa ajili ya kupambana na kutu, akapigania ubora wa mkate miaka yote, alipata umaarufu kwa ngano iliyoshinda hasa kwa mavuno na kwa bua. Wengine huona kuwa hapo alishindwa. Mimi sioni hivyo. Alikuwa ameziweka zote mbele ya mkulima zikiwa zimepimwa, kila moja na alama zake zote, na mkulima akachagua kulingana na deni lake. Ila nakiri kwamba ningependa kujua kama yeye mwenyewe aliridhika.

Tena kulikuwa na jambo ambalo halikujulikana wakati wake. Kutu si moja. Ina koo nyingi, nayo hubadilika, na mmea unaozuia ukoo huu hauna kinga mbele ya ukoo ule. Hayo yalidhihirika zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake. Yeye alipigana na adui mwenye sura nyingi akidhani ana sura moja.

Farrer alifariki nyumbani kwake Lambrigg tarehe 16 Aprili 1906 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 61. Kile kifua kikuu kilichomfukuza Uingereza hakikumuua. Hakuacha mtoto wala utajiri, maana hakuuza mbegu zake, aliwagawia waliozihitaji. Walimzika pale pale shambani, juu ya mto. Baadaye ulianzishwa mfuko wa ukumbusho kwa jina lake, na medali kwa wanasayansi wa kilimo, na shule ya sekondari ya kilimo huko Tamworth. Australia ilipoingia katika fedha ya dola mwaka 1966, upande mmoja wa noti ya dola mbili ulichorwa John Macarthur pamoja na kondoo, na upande wa pili Farrer pamoja na ngano. Aliyekosa kondoo maisha yake yote aliishia kubebana nao katika karatasi moja, mpaka noti hiyo ilipoachwa na kuwekwa sarafu mwaka 1988.

Habari zake zinafika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, walowezi wa Kenya, Delamere akiwa mbele yao, walipanda ngano huko Njoro kwa mbegu za kigeni zikiwemo za Australia, na kutu ikaziteketeza. Ikawabidi nao waanze kuzalisha na kupima. Kituo cha Njoro kilichoanzishwa mwaka 1927 kilitoa ngano zenye ukinzani wa ajabu, na mwaka 1938 Australia ilitoa ngano yake iitwayo Eureka ambayo kinga yake dhidi ya kutu ya shina ilitoka katika ngano ya Kenya. Kwa hiyo deni lilikuwa limelipwa. Lakini miaka michache tu, mwanzoni mwa miaka ya 1940, ukoo mpya wa kutu ukaivunja kinga hiyo. Mwaka 1998 uligunduliwa Uganda ukoo mwingine, ulioitwa Ug99 kwa mwaka uliotambuliwa, ukavunja kinga iliyokuwa ikitegemewa na mashamba mengi duniani. Ulifika Kenya, na mwaka 2009 ulikuwa umeonekana Tanzania.

Ndiyo maana tangu 2005 nchi nyingi hupeleka ngano zao Njoro zikajaribiwe. Nilifika huko katika safari ya kikazi. Ni maelfu ya mistari mifupi, kila mmoja na kibao chake, na kati yake imepandwa kwa makusudi ngano dhaifu, ikaambukizwa kutu ili isambaze kwa majirani. Wapimaji hutembea wameinama, daftari mkononi, wakikadiria ni sehemu gani ya kila bua imefunikwa. Walikuwa vijana wanne, na hawakuinua vichwa tulipopita. Nilitoka na suruali nyekundu mpaka magotini, na dereva wetu alitandika gazeti kabla ya kuniruhusu kuingia garini.

Nina ombi moja kabla ya kumaliza. Marehemu mwalimu wetu alipostaafu aliacha madaftari yake shuleni, na nilipouliza maktaba mwaka jana hayakuonekana. Kama kuna ndugu anayejua daftari la Biolojia lenye noti ya kijani lilipo, tafadhali amjulishe Mhariri. Jamaa wa mwalimu wamekwisha kukubali noti hiyo iwekwe katika sanduku la kioo la maktaba, nami nimeahidi kulipia kioo.